Ruhusa ya Kutazama Tu

Mtu aliyewafanya watu wa Masasi na Newala wasikilizane kwenye simu, yeye mwenyewe hakupenda kuongea kwenye simu. Ukimpigia alipokea, akasema, "Sema." Ukasema. Akasema, "Nimesikia," akakata. Salamu alizitunzia siku ya kuonana, na siku hiyo usingeponyoka: angekuuliza habari za mama yako, za wadogo zako, za jino lililokusumbua mwezi uliopita, na ukijibu "salama" kwa haraka angerudia swali. Siku moja nilimwuliza kwa nini anawakatia watu simu namna ile. Alinishangaa.

"Laini ni ya watu wengi," alisema. "Ukimaliza, mwachie mwenzio."

Kituoni tulimwita Mama Mitambo. Sokoni pia, na kanisani, na kwa majirani zake Waislamu ambao kila Ramadhani aliwapelekea bakuli la mbaazi za nazi kwa ajili ya futari. Alikuwa na watoto watatu wakubwa, na kwa desturi ya kule angeitwa mama wa yule wa kwanza, lakini jina hilo lilikuwa limeshamezwa zamani. "Mitambo ndiyo kifungua mimba wangu," alitania. "Hao wengine ni wadogo zake."

Mimi nilipelekwa Masasi nikiwa mhandisi mpya, mtu wa Singida ambaye hajawahi kuuona mkorosho. Kituo kilikuwa na mnara, jenereta, chumba cha betri, na chumba kirefu chenye baridi ambamo makabati ya chuma yalipangwa safu mbili. Ndani ya makabati hayo ndimo simu za uwanda wote wa Makonde zilimounganishwa. Mtu wa Makote akimpigia mtu wa Chilangala, sauti yake ilishuka mpaka Masasi, ikapita kwenye moja ya kadi za kijani zilizochomekwa humo, ikapanda tena mlimani. Mama Mitambo alizijua kadi hizo moja moja, na alijua ipi ilipona baada ya kufutwa vumbi na ipi ilikuwa inadanganya.

"Shikamoo, mama," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula baadaye, mama. Naomba kwanza nioneshwe..."

"Mhandisi mwenye njaa huchomoa waya usio wake. Kaa."

Akafunua bakuli la ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya kusini, vilivyochemshwa kwa chumvi. Tulikula, tukanawa, ndipo akachukua funguo. Tangu siku hiyo aliniita Mhandisi. Mwanzoni ilikuwa kejeli, maana sikujua hata kuwasha jenereta. Baadaye kejeli iliisha na jina likabaki.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Kampuni ilitaka hitilafu ziandikwe kwenye fomu kwa namba ya mnara na muda. Yeye alijaza fomu kama ilivyotakiwa, halafu akafungua daftari lake akaandika upya. Siku moja ya zamu yangu niliandika humo, "Mnara wa Chilangala umezimika." Akapiga mstari juu ya maneno yangu.

"Mnara hauna shida yoyote," alisema. "Mnara hauna mgonjwa, wala hauna mtoto anayesoma Mtwara. Andika nani hasikiki."

Akachukua kalamu akaandika mwenyewe: Chilangala, zahanati, shule, chama cha wakulima wa korosho, wale wa bondeni wanaopanda mlima kutafuta mawimbi. Kurasa zote zilikuwa hivyo. Ungelisoma daftari lile ungedhani ni la mtu anayetembelea wagonjwa.

Watu nao walimshika yeye. Sokoni nilimwona bibi mmoja wa Newala, muuza dagaa, amemkamata mkono.

"Mama Mitambo, ntandao wako jana umenifanya nini?"

Mwingine angemwambia bibi apige huduma kwa wateja. Yeye aliweka kikapu chini. "Betri zilikuwa zimechoka, mama, na jenereta ikachelewa kuwaka. Nimezibadilisha leo asubuhi."

"Haya, mwanangu. Usirudie."

"Sirudii, mama."

Na alikuwa anamaanisha. Tulipoondoka nilimwambia kwamba betri zile si kosa lake, kampuni ilikuwa imeombwa mpya na haikuleta. "Bibi haijui kampuni," alisema. "Ananijua mimi."

Sitaki mtu adhani alikuwa mpole. Meneja mmoja wa kanda alikuja kukagua, akaegemea kabati huku anaongea. Mama Mitambo alimtoa chumbani kwa mkono, akamsimamisha kwenye jua, akamwambia: "Humu ndani haegemei mtu. Bega lako lina uzito kuliko cheo chako." Sisi tulitazama chini tusicheke. Meneja aliomba radhi.

Lakini mama huyohuyo aliogopa barua. Ikija bahasha yenye nembo ya kampuni, hata kama ni tangazo la sikukuu, aliiacha mezani mpaka amalize kazi zote, kisha akanawa mikono, akaketi, akaisoma mara mbili huku midomo inacheza. Mkuu akimpigia kutoka Dar es Salaam alisimama kuipokea simu, na mkuu mwenyewe alikuwa rika la mwanawe. "Ndiyo, bosi. Sawa, bosi." Nilichukia kumsikia. Siku moja nikamwambia.

"Mama, yule meneja ulimtoa nje. Hawa unawaogopea nini?"

"Yule alikuwa mbele yangu," alijibu. "Ntu akiwa mbele yangu simwogopi. Karatasi huwezi kuibishia. Inakaa kimya, inakuvizia kwenye faili."

Kuna jambo jingine kumhusu ambalo nililijua kwa bahati mbaya. Kila mtu Masasi alijua kwamba kampuni ilitaka kumhamishia Dar es Salaam akakataa, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa mgonjwa Newala na hakuwa na mwingine wa kumtunza. Alilisimulia mwenyewe, mara nyingi, akicheka: "Waliniita, nikawaambia Dar kuna joto." Mwaka wangu wa tatu nilitumwa kupanga makabrasha ya kituo, nikakuta maombi yake. Alikuwa ameomba uhamisho yeye, kwa mwandiko wake, zaidi ya mara moja, akieleza kwamba mama yake angepata matibabu karibu. Yote yalijibiwa kwa sentensi moja: uwepo wako Masasi ni muhimu kwa sasa. La mwisho lilijibiwa wiki mbili baada ya mazishi ya mama yake.

Nilirudisha karatasi zile nilipozikuta. Sikumwambia mtu, na hadithi ya joto la Dar niliendelea kuicheka kila alipoisimulia.

Baadaye nikapata mimi uhamisho ambao yeye hakuupata. Kampuni ilikuwa inaunda kikosi cha watu wa kuhamishia mitambo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali. Mama Mitambo aliandaa kuku, akanifungia korosho za kubangua, akaniambia, "Nenda. Wewe una umri wa kukosea." Sikujua bado kwamba kazi ya kikosi chetu itafika mpaka mlangoni kwake.

Ilifika miaka miwili baadaye, nami nilikuwa miongoni mwa waliokuja kuieleza. Tulikusanya mafundi wa kusini katika ukumbi mmoja Masasi. Mwenzangu, dada mmoja mtaalamu sana, alieleza vizuri. Zamani, alisema, kila kazi ya mtandao ilikuwa na kabati lake: kabati la kuunganisha simu, kabati la kumtambua mteja, kabati la ujumbe. Likifa kabati, kazi imekufa mpaka fundi afike. Sasa kazi hizo zimekatwakatwa kuwa programu ndogo, kila moja imefungwa ndani ya kontena lake, na makontena hayo yanaishi kwenye seva za kawaida Dar es Salaam. Moja likianguka, jingine linazaliwa papo hapo kabla mteja hajajua. Watu wakiongezeka, makontena yanaongezeka. Toleo jipya likija linaingizwa kwa kubonyeza, bila mtu kupanda gari.

Fundi mmoja aliuliza kama wingu hilo linaathiriwa na ukungu wa Newala. Watu walicheka. Mama Mitambo hakucheka. Alikuwa anaandika.

Nataka kumtendea haki hapa, kwa sababu wengi wanadhani aliupinga mfumo ule kwa kuwa ni mzee. Aliupenda. Siku za mnada wa korosho, wakulima wote wanapigiana simu saa zilezile kuulizana bei, na makabati ya zamani yalikuwa yanazidiwa na kunyamaza. Alishawahi kungoja kadi moja kutoka Dar kwa wiki nzima huku watu wanamzomea sokoni. Msimu wa kwanza wa wingu aliona simu zikiongezeka, na mtandao ukajipanua wenyewe, na baada ya mnada ukajikunja. Alinipigia. Aliongea zaidi ya dakika moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mhandisi, huyu anafanya kazi ya watu kumi na haombi chai!"

Ila pale ukumbini alikuwa na swali.

"Barabara ya kwenda huko Dar ikikatika, inakuwaje?"

"Kuna njia mbili, mama," mwenzangu alijibu. Akaonesha ramani: mistari miwili, wa bluu na wa kijani, yote miwili inatoka Masasi. "Mkongo wa kwanza ukikatika, mawasiliano yanahamia wa pili."

"Hiyo ya kijani inapita wapi?"

"Kampuni nyingine ndiyo inaimiliki. Inajitegemea kabisa."

"Siulizi ya nani. Nauliza inapita wapi."

Mwenzangu akanitazama. Nami nikaitazama ramani. Mama Mitambo alisimama, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole. "Hapa, karibu na Nanganga, wamechimba mtaro mmoja wakalaza mikongo yote miwili. Nilikuwepo. Niliwapelekea maji ya kunywa. Kwenye karatasi ni njia mbili, ardhini ni moja. Ikikatwa, jirani wa Newala hawezi kumpigia jirani yake wa ng'ambo ya uzio, maana simu yake sharti ifike Dar kwanza ndiyo irudi."

Mwenzangu alisema tutalifuatilia.

Wakati wa chakula alinivuta pembeni. Alikuwa na wazo. Tumwachie pale Masasi seva chache, ndani yake nakala za zile programu za kuunganisha simu, ili njia ikikatika uwanda uendelee kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. "Kipande tu cha hilo wingu lenu," alisema. Wazo lilikuwa sahihi. Nchi nyingine wanafanya hivyo. Akachana ukurasa kutoka kwenye daftari lake, yeye ambaye sikuwahi kumwona akichana ukurasa, wenye ramani ya ule mtaro aliyoichora kwa mkono, vipimo na yote. Akanipa.

"Wewe unaweza kuliandika likaeleweka na wakubwa," alisema. "Mimi karatasi zangu zina mkosi."

Nililiandika. Lilikuwa pendekezo zuri la kurasa sita. Wiki niliyolimaliza, mkuu wetu alisema kikaoni kwamba mradi umechelewa na yeyote atakayeongeza jambo jipya atakuwa anawarudisha wenzake nyuma. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa kuongoza kitengo. Nikaliacha pendekezo kwenye kompyuta yangu. Nilijiambia nitalipeleka mambo yakitulia. Mama Mitambo aliponipigia na kuuliza, nilisema, "Limefika kwa wakubwa, mama. Linashughulikiwa."

"Nimesikia," akasema, akakata.

Makabati yalizimwa. Yeye akabaki, akabadilishwa cheo kuwa msimamizi wa eneo. Alipewa akaunti kwenye mfumo mpya, na mimi ndiye niliyeifungua, kwa maelekezo. Ilikuwa na ruhusa ya kutazama tu. Aliweza kuona kila mnara kusini, rangi yake, joto la betri zake, idadi ya waliokuwa wanaongea. Hakuweza kugusa kitu. Akiona tatizo alitakiwa kufungua tiketi, yaani taarifa ya hitilafu ndani ya mfumo, na kungoja, na mfumo ukiridhika kwamba tatizo limeisha uliifunga tiketi wenyewe.

"Mhandisi, wamenifungia tena tiketi," alinipigia siku moja. "Mashine inasema Chilangala ni pazima. Mimi nimesimama Chilangala, chini ya mnara, nimezungukwa na watu wenye simu mkononi. Pazima wapi?"

"Fungua nyingine, mama."

"Hii ni ya nne."

Nilimsaidia siku ile, kwa kupitia mlango wa nyuma ambao sikupaswa kuutumia. Siku nyingine sikumsaidia, nilikuwa kwenye vikao. Kule sokoni bado walimshika mkono, naye bado aliweka kikapu chini, lakini sasa hakuwa na la kusema. Hakuwa amebadilisha betri wala kadi. Alikuwa ameona tu. Aliniambia kwamba alianza kwenda sokoni jua likiwa kali, saa ambazo watu wamepungua.

Siku njia ilipokatika nilikuwa ofisini Dar es Salaam, asubuhi, mbele ya skrini kubwa. Ramani ya kusini iligeuka rangi. Haikuwa nyekundu. Nyekundu ni hitilafu, na mfumo huanza kujitibu. Ilikuwa kijivu, maana yake mfumo haujui lolote la huko. Programu zetu zote zilikuwa hai zikisubiri simu za watu wa Newala.

"Kwetu kila kitu kizima," alisema mwenzangu wa meza ya pili.

Mimi nilijua ni Nanganga kabla ya kuambiwa. Katapila la wajenzi wa barabara lilikuwa limepita juu ya mtaro na kukata mikongo yote miwili. Nikashika simu nimpigie Mama Mitambo, halafu nikakumbuka kwamba haiwezekani.

Yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa muuguzi wa zahanati moja ya Makote. Mama Mitambo alikuwa amepanda Newala na gari la kazi kukagua betri. Mnara ulikuwa na umeme. Simu za watu zilionesha mawimbi yamejaa, na kila mtu akipiga haitoki. Kwa hiyo walikuja getini.

"Umetufungia?" mmoja alipaza sauti.

"Njia imekatika bondeni, ndugu zangu."

Mwalimu mmoja, mgeni kutoka Kagera, alijipenyeza mbele. "Mama, mimi nampigia mke wangu, yuko hapo ng'ambo ya barabara, namwona. Bondeni kunahusika nini?"

Aliniambia kwamba kati ya maswali yote aliyowahi kuulizwa kazini, hilo ndilo lililomshinda kulijibu. Jibu alilijua. Alishindwa kulitamka.

Akiwa bado amesimama pale, pikipiki ilifika imebeba mwanamume aliyejaa vumbi. Mkewe alikuwa zahanati Makote, uchungu umemkalia vibaya tangu alfajiri. Muuguzi alikuwa amepiga simu ya gari la wagonjwa mpaka vidole vikamuuma, ikabidi yule bwana aje mwenyewe. Hospitali alikuwa ameshafika. Gari lilikuwa limekwenda kijiji kingine kumfuata mgonjwa, na hakukuwa na njia ya kulirudisha. Aliona gari la kampuni ndani ya geti.

"Mama, nakuomba."

Kwenye mlango wa gari lile kuna maandishi yanayokataza kubeba abiria. Mama Mitambo alishusha betri alizokuwa amepakia, akaweka turubai na godoro la mlinzi nyuma. "Panda," akasema.

Alimfuata mama yule Makote, akamrudisha Newala kwa barabara ya mchanga, muuguzi nyuma amemshikilia. Walimpasua. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Nilimwuliza muuguzi, miezi mingi baadaye, kama wangewahi asubuhi ingekuwaje. Alikunja mikono. "Sijui, kaka. Huenda ingekuwa vilevile. Usinitafutie jibu."

Jioni ile, kabla hajarudi Masasi, Mama Mitambo alizunguka zahanati alizoweza kuzifikia, akachukua ujumbe kwa karatasi, akaupeleka hospitali. Kesho yake mchana mikongo iliunganishwa. Mfumo uliamka ukapokea yote yaliyokuwa yamerundikana, pamoja na taarifa za kifaa cha kufuatilia magari: gari la Masasi limetoka kwenye eneo lake, limesimama hospitalini, limetembea bila kibali. Hakuna mtu aliyeketi akaamua kumwandikia. Barua ilijitunga na kujituma. Mimi nilipata nakala kwa sababu nilikuwa nimeshapewa kitengo.

Alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Aliandika mstari mmoja: "Simu hazikupita, nikapita mimi."

Pamoja na barua ilikuja fomu ya hitilafu, ya kusainiwa na msimamizi wa eneo. Ilisema chanzo ni mkandarasi wa barabara, na kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa. Alisaini. Akapewa onyo, likaingia kwenye faili. Kwenye daftari lake, chini ya tarehe ile, nilikuja kuona ameandika: Makote, mama mmoja, mtoto mmoja. Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kituoni Masasi. Nilitumwa kusimamia kuondolewa kwa makabati ya zamani, yaliyouzwa kama chuma chakavu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, na funguo kiunoni. Alikuwa amezeeka usoni, si mwilini. Alinisalimia kama zamani, akaniulizia kila mtu wa Singida, na alipofika kwa mama yangu aliuliza mara mbili.

Vijana wa lori walikuwa wanakokota kabati la kwanza. Chumba kilikuwa na joto, viyoyozi vilishang'olewa. Tulisimama mlangoni.

"Ungeweza kustaafu mapema, mama," nilisema.

"Nikiwa na onyo kwenye faili? Waseme nimekimbia?" Akatikisa kichwa. "Nitamaliza siku zangu."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lindi.

"Mama, lile pendekezo. La kubakiza seva hapa. Sikulipeleka. Nilikudanganya."

Alikuwa anatazama wale vijana. "Punguzeni upande wa kushoto!" akawaambia. "Mtavunja kizingiti." Walipunguza. Akasubiri mpaka kabati likatoka lote.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Lingefika, wangelikataa kwa barua. Barua haikuja." Akanitazama sasa. "Na ungelipeleka, Mhandisi, wangelikataa. Hilo usijisumbue nalo. Ingekuwa vilevile, mtaro ungekatwa, na mimi ningesaini ile karatasi yao. Ila ningekuwa na mtu."

Nilisema nitalipeleka sasa. Alisema, "Lipeleke," kwa sauti ya mtu anayempa mgeni ruhusa ya kupita. Halafu dereva wa lori akapiga honi, akaondoka kwenda kumfungulia geti.

Nililipeleka siku ileile, nikiwa bado kituoni, nimeketi kwenye ngazi. Niliambatanisha picha ya ukurasa wake wa ramani ya mtaro, na mahali pa wenye wazo niliandika jina lake kamili, kisha langu. Wiki iliyofuata mkuu alinipigia. Alikuwa amelisoma lote, alisema, na lilikuwa na mantiki, ingawa bajeti ya mwaka imeshafungwa na asingeweza kuahidi kitu.

"Huyu wa kwanza hapa juu ni nani?" aliuliza. "Simjui. Ni wa chuo gani?"

Nikamwambia ni nani, na nikamwambia kuhusu Makote.

"Bado yuko kazini?"

"Yupo," nilisema. "Anafungua geti."